Askofu Steere, mwanasheria aliyejenga kanisa katika soko la watumwa

WAGENI wanaofika Mkunazini, Mji Mkongwe wa Unguja, husimama kwanza uani, mbele ya sanamu za watumwa watano waliofungwa minyororo shimoni, kazi ya Clara Sörnäs ya mwaka 1998. Kisha huingia katika Kanisa Kuu la Anglikana kuoneshwa duara la marumaru jeupe mbele ya altare, panaposimuliwa kuwa ulisimama mti wa kuchapia watumwa. Ni wachache wanaozunguka nyuma ya altare hiyo, alikozikwa mjenzi wa kanisa, Askofu Edward Steere.

Steere alizaliwa London mwaka 1828, akasomea sheria kabla ya kuwa padri. Mwaka 1863 alifuatana na Askofu William Tozer kwenda Nyasa kuendeleza Misheni ya Vyuo Vikuu, ambayo askofu wake wa kwanza, Charles Mackenzie, alikuwa amefariki kwa homa. Huko mambo hayakwenda vizuri, na mwaka 1864 walihamia Unguja. Sultani Majid aliwakabidhi wavulana watano waliookolewa utumwani. Mmoja wao, John Swedi, Steere alikuja kumpa ushemasi mwaka 1879.

Wakati wenzake wengi walihubiri kwa mkalimani, Steere alikaa na wenyeji akawasikiliza. Mwaka 1870 alichapisha kitabu cha sarufi ya Kiswahili, pamoja na mkusanyo wa hadithi za Unguja, ikiwamo ile ya Sultani Darai.

Juni 1873, Sultani Barghash, akishinikizwa na Waingereza waliotishia kuizingira Unguja kwa manowari, alitia saini mkataba uliofunga soko la watumwa. Misheni ilipata eneo hilo, sehemu yake ikiwa zawadi ya mfanyabiashara wa Kihindi, Jairam Senji, na jiwe la msingi likawekwa siku ya Krismasi mwaka huo huo. Steere, aliyepewa uaskofu mwaka 1874, alisimamia ujenzi mwenyewe. Inasimuliwa kuwa siku moja hakuwapo, mafundi wakasimamisha nguzo za upande wa magharibi kichwa chini. Hakuzibomoa, zipo hivyo hadi leo. Ibada ya kwanza ilifanyika Krismasi ya 1877, jengo likiwa bado halijakamilika.

Lakini kufungwa kwa soko hakukuwa kufutwa kwa utumwa. Kengele ya Mkunazini ikilia, mashamba ya mikarafuu yaliendelea kulimwa na watu wasio huru, na sheria iliwaruhusu mabwana zao. Waliokombolewa nao walihitaji pa kuishi: mwaka 1876 Steere aliongoza kundi lao bara kuelekea Nyasa, wakaishia Masasi na kuanzisha kijiji.

Alifariki Unguja Agosti 1882, akiwa ameshatafsiri Agano Jipya kwa Kiswahili. Utumwa ulipoondolewa uhalali wake Zanzibar mwaka 1897, alikuwa kaburini kwa miaka 15. Kiunguja alichokiandika kilichaguliwa mwaka 1928, katika mkutano wa Mombasa, kuwa msingi wa Kiswahili sanifu.