Norman Rockwell

Norman Rockwell (New York, 3 Februari 1894 – Stockbridge, Massachusetts, 8 Novemba 1978) alikuwa mchoraji wa Marekani. Anajulikana hasa kwa majalada aliyochora kwa ajili ya jarida la The Saturday Evening Post, yaliyoonyesha maisha ya kila siku ya familia za kawaida.

Maisha

Alisomea uchoraji jijini New York, na akiwa na umri wa miaka 19 alikuwa tayari mhariri wa picha wa Boys' Life, jarida la maskauti. Jalada lake la kwanza katika Post lilitoka tarehe 20 Mei 1916. Linaonyesha mvulana akisukuma kigari cha mtoto mchanga huku wenzake wakimcheka. Hadi mwaka 1963 alikuwa amelichorea jarida hilo majalada zaidi ya 300. Mwaka 1939 alihamia Arlington, Vermont, na mwaka 1953 Stockbridge, ambako aliishi hadi kifo chake.

Vitongoji na nyasi

Baada ya Vita Kuu ya Pili ya Dunia, familia nyingi za Marekani zilihamia vitongoji vipya vilivyojengwa nje ya miji. Rockwell na wachoraji wengine wa Post, wakiwemo John Falter na Stevan Dohanos, waliyafanya maisha ya nyumbani ya miaka hiyo kuwa picha za jalada. Ua wenye nyasi zilizokatwa vizuri, pamoja na baba mwenye mashine ya kukatia nyasi, ukawa alama ya maisha mema.

Hata hivyo, si wote walioruhusiwa kuishi huko. Huko Levittown, New York, kitongoji kilichoanza kujengwa mwaka 1947, wakazi walitakiwa kukata nyasi kila wiki katika majira ya joto, na masharti ya mwanzo yaliwazuia watu weusi kuishi humo. Majalada nayo yalifuata mkondo huo: kwa desturi ya Post, mtu mweusi alichorwa kama mtumishi tu.

Kazi za mwisho

Alipoachana na Post, Rockwell alianza kuchorea jarida la Look. Mwaka 1964 alimwonyesha Ruby Bridges, msichana mweusi wa miaka sita, akisindikizwa na maafisa wa serikali kwenda shule iliyokuwa ya wazungu tu huko New Orleans. Mwaka 1967 alirudi kwenye kitongoji. Katika picha hiyo, watoto wawili weusi wamesimama kando ya gari lililoleta samani zao, wakitazamana na watoto watatu wazungu wa mtaa huo. Pande zote mbili kuna glavu ya besiboli, ishara kwamba wanaweza kucheza pamoja.

Mwaka 1977 alitunukiwa Nishani ya Rais ya Uhuru. Kazi zake nyingi zimehifadhiwa katika makumbusho yenye jina lake mjini Stockbridge.