Taiichi Ohno wa Toyota: kamba ya kiwandani iliyofika mpaka kwa waandishi wa programu

Kutoka Bunia mpaka Uvira, jina Toyota halihitaji maelezo. Hilux zinapita, Land Cruiser zinapita, taxi za mjini pia. Lakini jina la Taiichi Ohno wengi hawajalisikia, hata mafundi wa garaji wanaofungua injini hizo kila siku. Kule Japani, na kwenye shule za uongozi wa viwanda dunia nzima, ni jina kubwa. Ohno hakuvumbua gari lolote. Alibadilisha namna watu wanavyofanya kazi pamoja, na zaidi ya miaka kumi baada ya kifo chake, watu wa kazi nyingine kabisa, wale wanaotengeneza programu za kompyuta na za simu, walichukua mafundisho yake. Vijana wetu wanaojifunza kazi hiyo wanayakuta leo chini ya majina ajaili na kanbani, mara nyingi bila kuambiwa yametoka wapi.

Alizaliwa tarehe 29 mwezi wa pili 1912, siku ambayo inarudi mara moja tu kwa miaka minne. Ilikuwa Dalian, mji wa Uchina uliokuwa wakati ule mikononi mwa Wajapani. Alisoma ufundi wa mashini Nagoya, na mwaka wa 1932 akapata kazi kwenye kiwanda cha nyuzi na vitambaa cha familia ya Toyoda. Ndiyo, Toyoda, kwa d. Jina la magari lilikuja kugeuzwa kidogo baadaye.

Kwenye kiwanda kile alikuta mashini ya kufuma ambayo Mzee Sakichi Toyoda, aliyekufa mwaka wa 1930, alikuwa ameikamilisha mwaka wa 1924. Mashini ile ilikuwa na akili moja ya ajabu: uzi ukikatika, inasimama yenyewe. Zile za zamani ziliendelea tu kufuma, na mtu alikuja kugundua baadaye kwamba mita nyingi za kitambaa zimekwisha kuharibika. Njo maana kila mashini ilihitaji mtu wa kuichunga. Mashini inayosimama yenyewe haichungwi, kwa hiyo mfanyakazi mmoja aliweza kuangalia makumi.

Anayetaka kuelewa mambo ya majaribio katika programu aanzie hapa, kwenye uzi unaokatika. Programu ya leo ina maelfu ya mistari iliyoandikwa na watu wengi. Mmoja anabadilisha mstari upande huu, kumbe kitu kimevunjika upande ule ambao hakuugusa. Wasipojua siku ile ile, wenzake wataendelea kufuma juu ya uzi uliokatika, na wiki tatu baadaye ni mama wa sokoni ndiye atakayegundua, pesa yake ya simu itakapokataa kutoka. Kwa hiyo timu nzuri zinaandika, pembeni ya programu yenyewe, programu ndogo za kuijaribu. Mtu ana franka 10,000, anatuma 4,000: ukiacha gharama ya kutuma, lazima zibaki 6,000. Akijaribu kutuma 12,000, lazima akataliwe. Majaribio hayo yanafanyika yenyewe kila mara mtu anapoongeza kitu, mara mamia kwa siku ikihitajika, na moja likianguka taa nyekundu inawaka.

Turudi kwa Ohno. Mwaka wa 1943 alihamishwa kwenye kiwanda cha magari cha Toyota. Vita vilipokwisha, Japani ilikuwa majivu. Mwaka wa 1945 mkubwa wa kampuni, Kiichiro Toyoda, aliweka lengo la kuwafikia Wamarekani kwa miaka mitatu, wakati watu walihesabu kwamba mfanyakazi mmoja wa Marekani anatoa kazi ya Wajapani wanane ama tisa. Ohno aliona tofauti hiyo haiwezi kutoka kwenye nguvu za mikono. Lazima Wajapani walikuwa wanapoteza kitu: muda wa kungoja piesi, kubeba vitu huku na huku, kutengeneza kitu vibaya kisha kukirudia.

Mwaka wa 1947, kwenye karakana aliyokuwa anasimamia, alianza kupanga mashini upya ili mtu mmoja aendeshe mbili, kisha tatu ama nne. Wafanyakazi walikasirika. Fundi wa mashini ya kukereza alikuwa fundi wa mashini ya kukereza, hakutaka kuambiwa ajifunze pia kutoboa chuma. Ohno mwenyewe hakuwa mtu mpole. Waliofanya kazi chini yake wamesimulia kwamba alikuwa anachora duara kwa chaki sakafuni na kumsimamisha shefu kijana ndani yake kwa masaa, aangalie tu, mpaka aone tatizo ambalo Ohno alikuwa ameliona.

Kisha ikaja mwaka wa 1949, na hapa ndipo mambo yalipokuwa magumu kweli. Serikali ya Japani, chini ya usimamizi wa Wamarekani, ilikaza pesa. Watu hawakununua tena, na Toyota ikabaki na magari yaliyojaa uwanjani. Madeni yalipanda, mishahara ikachelewa. Benki zilikubali kuiokoa kampuni kwa masharti: sehemu ya kuuza itengwe na sehemu ya kutengeneza, yatengenezwe magari yanayoweza kuuzwa tu, na watu wapunguzwe. Wafanyakazi waligoma miezi kadhaa. Mgomo ulipokwisha mwezi wa sita 1950, zaidi ya watu 1,500 walikuwa wameacha kazi, na Kiichiro Toyoda akajiuzulu kwa kubeba lawama. Wiki chache baadaye vita vya Korea vikaanza, na jeshi la Marekani likaagiza malori. Kampuni ikapona kwa vita vya watu wengine, kitu ambacho msomaji wa hapa kwetu anaweza kukifikiria kwa namna yake.

Ohno alitoka kwenye shida ile na wazo moja ambalo hakuliacha tena: kutengeneza kitu ambacho hakuna aliyekiomba ndiyo hasara kubwa kuliko zote, kwa sababu inaficha hasara nyingine. Uwanja ukijaa magari, hakuna anayeona mashini mbovu.

Dawa yake aliipata kwenye duka. Alikuwa amesikia habari za maduka makubwa ya Marekani, yale ambayo mteja anachukua mwenyewe kwenye rafu, na rafu inajazwa kadiri ya kile kilichochukuliwa. Mwaka wa 1956 alikwenda Marekani kuona viwanda vya magari, akayaona na maduka hayo kwa macho yake. Kwa kweli hata mama anayeuza nyanya Kadutu anafanya vile: haagizi kasha lingine kabla la kwanza halijakaribia kwisha. Ohno alileta hesabu hiyo kiwandani. Karakana ya mbele ikimaliza piesi za kasha moja, inarudisha kadi kwa karakana ya nyuma, na kadi ile ndiyo ruhusa ya kutengeneza kasha lingine. Bila kadi hakuna kutengeneza, hata kama mikono iko bure. Kadi hiyo Wajapani waliiita kanbani, yaani kibao ama ishara.

Kitu cha pili kilikuwa kamba. Kwenye mstari wa kuunganisha magari, mfanyakazi yeyote, hata yule wa chini kabisa, alipewa uwezo wa kuita msaada na kusimamisha kazi kwa kuvuta kamba ama kubonyeza kifungo akiona kasoro. Kwenye viwanda vingi vya wakati ule, kusimamisha mstari ilikuwa karibu kosa la kufukuzwa. Kwa Ohno, shefu ambaye mstari wake hausimami kamwe alikuwa shefu anayeficha kitu.

Na mstari ukisimama, wanauliza juu ya nini. Si mara moja, mara tano. Ohno alitoa mfano wa mashini iliyozimika. Juu ya nini? Fyuzi imeungua kwa mzigo mkubwa. Juu ya nini mzigo? Beringi haikupata mafuta. Juu ya nini? Pampu haivuti vizuri. Juu ya nini? Mhimili wake umelika. Juu ya nini? Hakuna chujio, vumbi la chuma liliingia. Anayeishia swali la kwanza anabadilisha fyuzi, na baada ya siku chache anabadilisha nyingine.

Wengi hawakumpenda. Miaka mingi watu ndani ya kampuni walisema ni njia ya Ohno, si njia ya Toyota, ili siku ikianguka aanguke nayo. Kama Eiji Toyoda, mmoja wa wakubwa wa familia, hakumlinda, pengine habari ingekwisha pale. Na malalamiko hayakuwa ya bure. Mwandishi wa habari Satoshi Kamata aliingia kiwandani kama kibarua wa miezi michache, na mwaka wa 1973 akatoa kitabu kuhusu uchovu na presha aliyoiona kwenye mstari. Njia inayoondoa kila dakika ya kungoja inaweza kuondoa pia dakika ya kupumua. Wanaomsifu Ohno wangefanya vizuri kusoma na Kamata.

Mwaka ule ule wa 1973 bei ya mafuta ya petroli ilipanda dunia nzima. Makampuni mengi ya Japani yaliyumba, Toyota ikainuka haraka kuliko nyingine, na watu wakaanza kuuliza siri yake. Ohno, ambaye alikuwa amepanda mpaka kuwa makamu mkuu wa kampuni mwaka wa 1975, alistaafu mwaka wa 1978 na kutoa kitabu kuhusu njia yake. Alikufa tarehe 28 mwezi wa tano 1990.

Wakati huo watu wa programu walikuwa na shida inayofanana sana na ile ya uwanja uliojaa magari. Kwenye miradi mingi walikuwa wanaandika mpango mzima kwanza, kisha programu yote, mwishoni kabisa ndipo wanajaribu na kumwonyesha mteja. Mwaka ungepita, ama miwili, mteja anasema hiki si kile alichohitaji. Mwezi wa pili 2001, waandishi wa programu 17 walikutana Snowbird, kwenye milima ya Utah, Marekani, wakaandika tamko fupi: kazi itolewe vipande vidogo, mteja aone mapema, timu iwe tayari kubadilika. Wakaiita ajaili, maana yake wepesi wa kugeuka. Mwaka wa 2003 Mary na Tom Poppendieck walitoa kitabu kilichounganisha mafundisho ya Toyota na kazi ya programu moja kwa moja.

Mwaka wa 2004 David Anderson, akiwa Microsoft, alisaidia timu iliyokuwa India na kazi ya kurekebisha programu za ndani za kampuni. Ombi moja lilikuwa linachukua kama miezi mitano. Watu hawakuwa wavivu. Sehemu kubwa ya muda wao ilikuwa inakwenda kwenye kukadiria kazi ambazo nyingi hazikuja kufanywa. Waliacha makadirio hayo, wakaweka kikomo cha kazi ngapi zinaweza kuwa mikononi kwa wakati mmoja, na nyingine zikangoja. Muda wa ombi ulishuka mpaka wiki mbili hivi.

Leo kibao kile kiko kwenye ofisi nyingi za programu: safu ya kazi zinazongoja, ya zinazofanywa, ya zinazojaribiwa, ya zilizokwisha, na vikaratasi vya rangi vinavyohama. Kibao ni rahisi kununua. Kamba ndiyo inayosumbua. Timu inaandika majaribio, taa nyekundu inawaka siku ya ijumaa saa kumi jioni, na shefu anasema programu itoke hivyo hivyo kwa sababu mteja amekwisha kuahidiwa. Baada ya mara tatu za namna hiyo hakuna kijana atakayeangalia taa tena, na baada ya miezi sita majaribio yenyewe yanafutwa kwa sababu yanachelewesha. Timu zilizofaulu mara nyingi hazikuanza na programu nzima. Zilichagua pale panapoumiza zaidi, kwa mfano hesabu ya pesa, zikaandika majaribio machache hapo, na mkubwa akakubali mbele ya wote kwamba yakianguka hakuna kitu kinachotoka, hata akiomba yeye mwenyewe.

Ohno pia alianza na karakana yake peke yake mwaka wa 1947. Kadi zake zilienea Toyota nzima karibu na mwaka wa 1962, na kwa makampuni yanayoiuzia piesi ilichukua muda zaidi.