Franklin: Aliyepima uamuzi kwa mizani ya karatasi

SEPTEMBA 19, 1772, Benjamin Franklin, akiwa London, alimwandikia barua rafiki yake Joseph Priestley, mchungaji na mwanasayansi aliyekuwa njia panda: aendelee na usharika wake mjini Leeds, au aingie katika utumishi wa Lord Shelburne kwa mshahara mkubwa zaidi.

Franklin hakumwambia la kufanya. Alimweleza namna ya kuamua.

Karatasi igawanywe kwa mstari mmoja. Upande huu sababu za kukubali, ule za kukataa. Kwa siku tatu au nne kila sababu iandikwe inapokuja akilini. Kisha zipimwe: mbili zenye uzito sawa zifutwe, na moja ikilingana na mbili za upande wa pili, zifutwe zote tatu. Kitakachosalia ndicho uamuzi. Njia hiyo aliiita aljebra ya busara.

Mwanzilishi huyo wa taifa la Marekani alizaliwa Boston, Januari 17, 1706, mtoto wa mtengeneza mishumaa na sabuni. Alisoma shule miaka miwili tu, akajifunza uchapaji kwa kaka yake, na akiwa na miaka 17 alitorokea Philadelphia. Ujanani alijiwekea maadili 13, akitia alama daftarini kila alipoteleza.

Priestley aliikubali kazi ile, na mwaka 1774, akiwa kwa Shelburne, aliitenga hewa ambayo leo huitwa oksijeni.

Hata hivyo, mizani hupima kile tu kilichowekwa juu yake. Franklin mwenyewe alimiliki watumwa kwa miaka mingi, na gazeti lake lilichapisha matangazo ya kuwauza. Uhuru wa watu hao ulichelewa kuingia katika hesabu zake. Mwaka 1787 alikuwa rais wa chama cha kupinga utumwa cha Pennsylvania, na Februari 1790 alitia saini ombi kwa Bunge la Marekani dhidi ya utumwa. Alifariki dunia Aprili 17 mwaka huo, akiwa na umri wa miaka 84.

Leo kompyuta zinazopendekeza hoteli, bidhaa au filamu hufanya kazi inayokaribiana na ile ya karatasi ya Franklin: hukusanya vigezo vingi, kama bei, ubora na umbali, kisha hukipa kila kimoja uzito wake. Kujumlisha ni kazi rahisi. Kazi ngumu, kwa mashine kama ilivyokuwa kwa Franklin, ni kuamua kipi kiandikwe na kipewe uzito gani.