Songea Mbano na Hesabu ya Faida

Kila mwaka, tarehe 27 Februari, wananchi wa Ruvuma hukusanyika mjini Songea kuwakumbuka mashujaa wa Majimaji walionyongwa mwaka 1906. Ni haki yao, na ni wajibu wetu sote. Lakini shujaa hakumbukwi kwa ngoma na mashada ya maua peke yake. Hukumbukwa pia kwa kuyatazama maisha yake yote, mazuri na machungu, ili walio hai wapate la kujifunza. Leo twapenda kuwasimulia wasomaji wetu habari za Nduna Songea Mbano, ambaye mji huo umechukua jina lake, na hasa jambo moja katika maisha yake lisilosemwa sana, nalo ni faida.

Wangoni walitoka kusini mwa Afrika, wakauvuka mto Zambezi mwaka 1835 wakiongozwa na Zwangendaba. Kiongozi huyo alipofariki huko Ufipa, watu wake waligawanyika. Baadhi yao walifika katika nchi iliyo mashariki ya Ziwa Nyasa, na huko zikasimama milki mbili, Mshope upande wa kaskazini na Njelu upande wa kusini. Njelu ilitawaliwa na ukoo wa Gama. Songea hakuwa wa ukoo huo. Alikuwa nduna, yaani mkuu wa vita na wa watu chini ya mfalme. Hata hivyo nguvu zake zilikua mpaka jina lake likavuma kuliko la bwana wake.

Nguvu za nduna zilitoka wapi? Katika Ungoni wa siku zile utajiri haukuwa fedha, bali watu. Vita vilileta mateka, na mateka walilima, walijenga, na vijana wao wakaingia jeshini. Waliitwa sutu. Hatusemi kuwa hali yao ilikuwa njema, maana waliletwa kwa ncha ya mkuki. Lakini mlango haukufungwa kabisa. Wengi walishika desturi za Wangoni, wakapigana bega kwa bega nao, wakaoa, na watoto wao wakajiita Wangoni.

Kisha ikaja misafara kutoka Kilwa, nayo ilichukua nguo, bunduki na baruti. Wafanyabiashara walitaka pembe za ndovu, na walitaka watu. Hapo ndipo jambo jipya lilipoingia Ungoni. Mateka yule yule, ambaye jana alikuwa mkulima wa shamba la mkuu na kesho angeweza kuwa mkwe, sasa alikuwa na bei. Wakuu walipaswa kuchagua, na baya ni kwamba uchaguzi ulikuwa rahisi. Wapo mateka waliobaki, na wapo waliouzwa wakatembea kwa miguu mpaka pwani. Sultani Barghash wa Unguja aliipiga marufuku biashara ya watumwa kwa njia ya bahari mwaka 1873, na mwaka 1876 akaikataza misafara yao ya nchi kavu. Biashara hiyo haikukoma mara moja, ilijificha. Mwaka 1882 jeshi la Wangoni liliishambulia misheni ya Masasi, nalo likarudi na mateka.

Hatuyasemi haya ili kumvunjia heshima marehemu. Twayasema kwa sababu katika biashara ile hakuna mshiriki aliyeiona hesabu nzima. Mkuu wa Ungoni aliona bunduki. Mwenye msafara aliona mzigo. Mwenye shamba la karafuu Unguja aliona mavuno, na mnunuzi wa Ulaya na Marekani aliona pembe nyeupe za kutengenezea vibao vya piano. Kila mmoja aliandika faida yake katika daftari lake, na yule aliyelipa gharama hakuandikwa mahali popote.

Mwaka 1897 Wajerumani walijenga boma karibu na kijiji cha Songea. Walizuia vita vya kuteka watu, na kwa hilo hatuna la kuwalaumu. Lakini nao walikuja na daftari lao. Mwaka 1898 ikaanza kodi ya nyumba, rupia 3 kwa nyumba ya shamba, ili mtu alazimike kutafuta fedha kwa kuwatumikia wazungu. Huko pwani, katika wilaya ya Dar es Salaam, watu walilimishwa pamba kwa lazima, na baada ya kazi ya mwaka mzima kila mmoja akapewa senti 35. Wengi walikataa hata kuzipokea. Pamba ilikuwa kwa ajili ya viwanda vya Ujerumani, na mtu aliyeilima hakuulizwa.

Julai 1905 Wamatumbi waling'oa pamba, na vita vya Majimaji vikaanza. Dawa ya maji ilipofika Ungoni, Mputa Gama wa Njelu na Chabruma wa Mshope waliipokea, na Songea akaingia vitani. Ukweli wautaka tuseme kuwa wakuu walikuwa na uchungu wa mapato na heshima walizopoteza, na raia walikuwa na uchungu wa kodi na shuruti. Mambo hayo mawili si mamoja, ingawa yalikutana katika vita vimoja. Oktoba mwaka huo Wangoni walishindwa huko Namabengo. Kisha Wajerumani wakachoma vijiji, ghala na mashamba, na njaa ikaua wengi kuliko risasi. Serikali ya Kijerumani ilikadiria kuwa waliokufa katika vita hivyo ni 75,000. Wanahistoria wengine wametaja hadi 300,000. Baada ya hayo, mpango ule wa pamba ya lazima ukaachwa. Jambo lililowezekana baada ya vifo hivyo liliwezekana pia kabla yake, kama faida isingepewa kiti cha mbele.

Tarehe 27 Februari 1906 zaidi ya watu 60 walinyongwa mjini Songea, Mputa Gama akiwa mmoja wao, wakazikwa katika kaburi moja. Wazee husimulia kuwa Wajerumani walitaka kumwacha hai Songea, naye akakataa kuishi baada ya wenzake. Alinyongwa siku chache baadaye. Yaaminika kuwa kichwa chake kilikatwa kikapelekwa Ujerumani. Tarehe 1 Novemba 2023 Rais Frank-Walter Steinmeier wa Ujerumani alifika Songea, akaomba msamaha mbele ya ukoo wake, na akaahidi kusaidia kukitafuta. Mtu ambaye zamani mateka wake waliwekewa bei, mwishowe naye aligeuzwa kitu cha kubebwa. Hukumu hiyo hatuifurahii. Twaitazama kwa huzuni.

Wako watakaosema kuwa hayo yamepita. Sisi hatuoni hivyo. Ruvuma ni nchi ya mahindi, na mkulima aliyemjazia mnunuzi gunia la lumbesa, akalipwa bei ya gunia la kawaida, anaijua hesabu tunayoisema. Vivyo hivyo yule aliyeuza korosho zake kwa kangomba wakati watoto wana njaa.

Wala hatusemi kuwa faida ni dhambi. Duka lisilo na faida hufungwa, na chama cha ushirika kinachopata hasara kila msimu humwacha mkulima mikononi mwa mlanguzi. Wakulima wa Wangoni na Wamatengo walilijua hilo walipounda chama chao kikuu cha ushirika mwaka 1936 ili kuuza tumbaku yao pamoja. Walitaka faida, na walitaka irudi kwa aliyelima.

Basi, ndugu zetu mlio katika vyama vya ushirika, viwandani na maofisini, mezani penu kuna daftari. Kabla ya kupiga mstari chini ya jumla na kusema tumepata, ulizeni kwanza ni nani aliyelipa, na kama aliulizwa. Karani wa mizani katika kijiji cha mbali ana nafasi ya kuuliza swali hilo kila asubuhi, gunia la kwanza linapowekwa mbele yake.