Mathias Mnyampala, Mtu wa Kazi Mbili

Katika Dodoma yetu ya siku hizi hakuna swali linalosikika kinywani mwa vijana mara nyingi kuliko hili: nitapata wapi kazi? Tangu Serikali ilipoanza kuhamia huku kwa wingi, mwaka 2016, vijana wa kila pembe ya nchi hushuka katika stendi na stesheni zetu wakiwa na bahasha za vyeti mikononi. Na hata miongoni mwa wale waliokwisha kupata kiti na meza, si wachache wanaonung'unika moyoni ya kuwa kazi ile yawapa mkate, lakini haiwapi furaha. Swali la kwanza ni la tumbo, na la pili ni la roho. Yote mawili ni ya haki, na Kanisa halijapata kumcheka mtu anayeyauliza.

Juma hili, badala ya kutoa mashauri matupu, twapenda kuwakumbusha wasomaji wetu maisha ya mtu mmoja wa hapa hapa petu, Mkristo Mkatoliki, aliyeyajibu maswali hayo mawili kwa miaka mingi bila ya kulisahau hata moja. Huyo ndiye marehemu Mathias Mnyampala.

Alizaliwa mwaka 1917 huko Ihumwa, upande wa mashariki wa mji wa Dodoma, karibu na mahali ambapo leo umejengwa Mji wa Serikali wa Mtumba. Yeye apitaye leo katika barabara ile pana, akaona majumba ya wizara yalivyopangwa, ni vigumu kufikiri jinsi nchi ile ilivyokuwa mwaka ule. Vita Kuu ya Kwanza ilikuwa imepita juu ya Ugogo kama nzige. Jeshi la Wajerumani lilichukua ng'ombe, nafaka na wapagazi. Kisha mwaka 1916 likaingia jeshi la Waingereza, nalo likachukua vivyo hivyo. Watu walipokuwa hawana akiba tena ghalani, mvua nayo ikakatika. Ikaja njaa ambayo wazee wa Kigogo waliiita Mtunya, iliyodumu mpaka mwaka 1920. Hukadiriwa kwamba watu wapata 30,000 walikufa katika wilaya iliyokuwa na watu wapata 150,000. Basi mtoto huyu alikuja duniani katika nyumba za njaa, na kuishi tu kwake kulikuwa ni neema.

Alikua kama walivyokua watoto wa kiume wa Kigogo. Huku kwetu, ambako mvua ya mwaka mzima kwa kawaida ni milimita mia tano na ushei, mali ni mifugo, na kazi ya kwanza ya mtoto ni kuchunga. Kazi hiyo ina heshima yake, nayo humfundisha mtu saburi na macho ya kuona mbali. Lakini misheni ya Kikatoliki ilikuwa imekwisha kutia mizizi katika Ugogo, na pamoja na misheni vilikuja vishule vya vijijini, ambamo mtoto alijifunza sala, kusoma na kuandika. Mnyampala aliingia katika elimu kwa mlango huo. Humo alijifunza Kiswahili, ambacho hakikuwa lugha ya mama yake, na humo akapata ubatizo na jina la Mathias.

Jina hilo lafaa kutafakariwa kidogo. Mtume Mathias hakuwa katika wale kumi na wawili walioitwa kwanza. Aliitwa baadaye, kwa kura, kujaza nafasi iliyoachwa wazi. Wako watu wengi wa namna hiyo duniani, ambao hawakuchaguliwa mwanzoni, wala hawakuzaliwa katika nyumba ya mtemi, ila waliposikia wanaitwa walikuwa tayari.

Kijana Mathias alianza kwa ualimu. Baadaye akaingia katika utumishi wa Serikali ya Kiingereza, akawa karani, na kwa miaka mingi akapanda ngazi hata akapata kuwa liwali na hakimu. Kwa Mwafrika wa siku zile, kazi hizo zilikuwa miongoni mwa zilizotamaniwa sana. Karani alikuwa na mshahara wa kila mwezi, shati jeupe na kalamu mfukoni. Watu walimwamkia njiani. Lakini tusijidanganye, ilikuwa pia kazi yenye uchungu. Karani wa mkoloni alisimama katikati ya mtawala na ndugu zake mwenyewe, akaandika kodi za watu ambao shida zao alizijua vizuri. Mtu aliyekaa mahali pale aliweza kuwa na moyo mgumu, au kuwa mlevi, au kukaa tu akihesabu siku za kupokea mshahara. Wengi walifanya hivyo.

Mnyampala akafanya jambo jingine. Aliishika kazi ya mchana kwa uaminifu, maana ilimlisha yeye na jamaa yake. Lakini pamoja nayo akajipa kazi ya pili, ambayo hakuna aliyemwajiri kuifanya. Aliandika.

Twapenda msomaji aangalie vizuri mahali alipopata mambo ya kuandika. Hakusafiri kwenda ng'ambo kuyatafuta. Ofisi na baraza huleta mbele ya mtu watu wa kila namna: wazee wenye kesi za mipaka na mahari, wajane, wachungaji, watoto wa watemi. Humo ndimo zinamosikika habari za koo, za asili ya watu, za njaa na vita vya zamani. Mwenye masikio huondoka pale na utajiri ambao haumo katika mshahara wake. Mwaka 1954 kikatoka kitabu chake kiitwacho Historia, Mila na Desturi za Wagogo wa Tanganyika. Katika kitabu hicho alieleza jinsi Wagogo walivyo watu waliokutanika kutoka pande nyingi, koo zao, watemi wao na desturi zao. Wageni walikuwa wamekwisha kuandika juu ya Ugogo, nao waliandika kama wapitao njia. Huyu aliandika kama mwenye nyumba. Naye aliandika kwa Kiswahili, ili Mtanganyika wa kabila lo lote aweze kusoma. Miaka 41 baadaye, mwaka 1995, mtaalamu wa historia wa Marekani, Gregory Maddox, alikitoa kitabu hicho kwa Kiingereza, na wanafunzi wa vyuo vikuu vya mbali wakakisoma. Mwandishi mwenyewe alikuwa amekwisha kulala kaburini zaidi ya miaka 25.

Ushairi nao ulimshika. Hapa pana jambo la kushangaza. Ushairi wa Kiswahili ulikuwa kwa karne nyingi mali ya watu wa pwani, na aghalabu ya Waislamu. Sheria zake za vina na mizani zilirithiwa kwa mdomo kutoka kwa baba na babu. Mnyampala alikuwa mtu wa bara na Mkatoliki, tena Kiswahili alijifunza shuleni. Hakudai apewe nafasi kwa sababu hiyo, wala hakudharau sheria za wenyeji wa sanaa ile. Alijifunza mpaka akazijua, na washairi wakubwa wa wakati wake wakamhesabu kuwa mwenzao. Diwani ya Mnyampala ilitoka mwaka 1963, na Waadhi wa Ushairi mwaka 1965. Kabla yake Shaaban Robert wa Tanga, aliyefariki mwaka 1962, naye alikuwa karani wa Serikali na mshairi kwa pamoja. Haikuwa desturi ya siku zile mtu kuishi kwa kutunga mashairi. Waliojenga fasihi yetu waliijenga jioni, kwa mwanga wa taa, baada ya kazi ya ofisi.

Mwaka ule ule wa 1963 alitoa Utenzi wa Enjili Takatifu, uliopigwa chapa na watawa Wabenediktini. Utenzi ni chombo cha pwani. Washairi wa kale walikitumia kusimulia habari za dini yao na mashujaa wake. Mnyampala alikipokea chombo hicho kwa heshima, akakijaza habari za Bwana wetu Yesu Kristo. Mkristo wa kijijini asiye na kitabu aliweza kuishika Injili kichwani kwa msaada wa vina. Baadaye akazifanyia Zaburi vivyo hivyo. Hatuoni mfano bora wa mlei anayetumia kipaji chake kwa ajili ya Kanisa bila ya kungoja kupewa cheo cho chote parokiani.

Nchi ilipokwisha kujitawala, washairi walikutana katika chama chao, UKUTA, yaani Usanifu wa Kiswahili na Ushairi Tanzania, na Mnyampala alikuwa miongoni mwa viongozi wake. Mwaka 1968, mwaka mmoja baada ya Azimio la Arusha, Rais Julius Nyerere aliwaita washairi akawaomba wasaidie kulieleza Azimio lile kwa wananchi. Mnyampala aliitika kwa kutunga ngonjera. Hizo ni tungo za majibizano: mmoja hajui au anapinga, mwenziwe anamweleza, hata mwisho wakapatana. Alizitunga ili zisemwe mbele ya watu, na watoto wa shule wazishike kwa moyo.

Alifariki hapa Dodoma mwezi wa Juni mwaka 1969, akiwa na umri wa miaka 51 hivi. Ngonjera za UKUTA zilitoka katika vitabu viwili, mwaka 1970 na 1971. Hakuviona. Habari za maisha yake alizoziandika mwenyewe, alizoziita Maisha ni Kugharimia, zilikaa bila ya kupigwa chapa hata mwaka 2013, miaka 44 baada ya kifo chake.

Hatutaki kumfanya malaika. Mwandishi aliyeitumikia Serikali ya mkoloni, kisha akaiimbia Serikali ya wananchi, huulizwa maswali, na ni haki aulizwe. Wako wasomi waliosema kwamba ushairi wa miaka ile ulikuwa mtumishi wa siasa kupita kiasi. Na ni kweli kwamba siasa nyingi alizozifundisha katika ngonjera zimekwisha kubadilika. Vijiji vya Ujamaa, ambavyo huku Ugogo watu walihamishiwa kwa haraka kuanzia mwaka 1970, vilileta mema na machungu ambayo yeye hakuyaona. Lakini tazama jambo hili. Siasa ilipita, na chombo kikabaki. Hata leo, katika mahafali ya shule, katika sikukuu ya parokia au katika mapokezi ya Askofu, watoto wawili husimama mbele ya watu na kujibizana kwa ngonjera, na mama zao hupiga vigelegele. Wengi wao hawajapata kulisikia jina la Mnyampala. Mfanya kazi hajui ni sehemu gani ya kazi yake ambayo Mungu ataihifadhi. Lililo lake ni kuifanya yote vema.

Basi maisha haya yatufundisha nini sisi tunaotafuta kazi, au tuliochoka na kazi tuliyo nayo?

Kwanza, kwamba kazi ya mkate si ya kudharauliwa. Mnyampala hakuitupa kalamu ya ukarani ati kwa kuwa yeye ni mshairi. Alijua ya kuwa baba asiyelisha watoto wake hana la kujivunia katika tungo zake. Papa Pius wa Kumi na Mbili alipoweka sikukuu ya Mtakatifu Yosefu Mfanya Kazi mwaka 1955, alimweka mbele ya macho yetu seremala wa kijijini, ambaye kwa randa na msumeno alimlisha Mwana wa Mungu.

Pili, kwamba furaha ya kazi haikai daima katika kiti kile kile kinachotoa mshahara. Wako wachache waliojaliwa kuyapata yote mahali pamoja, nao wamshukuru Mungu. Wengine inawapasa kuitafuta kazi yao ya pili, na aghalabu iko karibu kuliko wanavyodhani. Kwa Mnyampala ilikuwa katika midomo ya wazee wa kwao. Kwako, ewe kijana, yaweza kuwa katika kwaya, au katika kufundisha watoto wa jirani, au katika shamba la zabibu la babu yako ambalo umeliona kuwa aibu. Talanta iliyofukiwa ardhini haikufukiwa kwa sababu ilikuwa ndogo, mwenyewe aliogopa.

Tatu, kwamba kazi ya namna hiyo ina gharama yake. Jioni za kupumzika hupungua, sifa hukawia, na pengine kitabu hutoka mtu amekwisha kufa. Asiyekubali gharama hiyo asiseme kwamba hakuitwa. Aseme tu kwamba alipoitwa aliona bei ni kubwa.

Mtoto wa Mtunya, mchungaji wa Ihumwa, alituachia historia ya watu wake, Injili kwa vina, na ngonjera midomoni mwa watoto wa nchi nzima. Vijana wanaopita leo karibu na kwao wakienda kuomba kazi Mtumba, na waombe kwa moyo, tunawaombea wapate. Lakini hata kabla barua haijajibiwa, iko kazi inayowangoja, ambayo haihitaji barua ya maombi. Mungu aijalie roho ya Mathias raha ya milele, na sisi atupe macho ya kuiona kazi yetu ilipo.