Harriet Tubman, Mgonjwa Aliyewaongoza Askari

Askari aliyewahi kushika doria usiku katika mteremko wa Kimisagara, jijini Kigali, ambako vijia hupenya katikati ya nyumba kushuka hadi Nyabugogo, anafahamu kwamba gizani mtu huenda kwa kuijua ardhi kuliko kwa macho. Leo twamkumbuka mwanamke aliyeijua kazi hiyo kuliko wengi waliovaa sare, ingawa daktari yeyote wa jeshi angalimkataa siku ya kwanza ya kupimwa afya.

Harriet Tubman alizaliwa utumwani mnamo mwaka 1822 hivi, katika jimbo la Maryland, Marekani. Alipokuwa kijana, msimamizi mmoja alimrushia mtumwa aliyekuwa akitoroka jiwe la mizani la karibu kilo moja, nalo likampiga Harriet kichwani. Tangu hapo hakupona. Kichwa kilimwuma maisha yake yote, na mara kwa mara alishikwa na usingizi wa ghafula, hata katikati ya mazungumzo, asiweze kuamshwa. Wengi waliochunguza habari zake hudhani kilikuwa kifafa.

Mwaka 1849 alitoroka akafika Philadelphia. Angaliweza kutulia huko. Badala yake alirudi Maryland mara 13 hivi, akawatoa watu wapatao 70, wengi wao jamaa na rafiki zake, na wengi akawafikisha Kanada. Usingizi ulipomshika njiani, wafuasi wake walingoja kimya mpaka azinduke. Hebu tufikiri: watu wanaowindwa, wamemzunguka kiongozi aliyelala, wala hawamkimbii! Alichukua bastola, na aliyetaka kurudi nyuma alitishwa kwa hiyo bastola, maana mmoja akirudi siri ya wote hufichuka. Hakupoteza hata mtu mmoja.

Vita vya wenyewe kwa wenyewe vilipozuka, alikwenda South Carolina mwaka 1862, akauguza majeruhi, kisha akaongoza kikundi cha wapelelezi. Watumwa wa huko walimweleza mahali mabomu yalipotegwa katika mto Combahee. Usiku wa kuamkia Juni 2, 1863, pamoja na Kanali James Montgomery na askari weusi, alipanda mto huo kwa meli za kivita. Mashamba na maghala ya adui yalichomwa, na watumwa zaidi ya 700 wakapakiwa melini wakiwa huru.

Habari ya malipo yake hatuwezi kuipita bila uchungu. Vita vilikwisha mwaka 1865, lakini hadi 1895 ndipo alipopewa dola 8 kwa mwezi, tena kwa kuwa mjane wa askari. Mwaka 1899 zikaongezwa kuwa 20, kwa kazi yake ya uuguzi. Upelelezi haukutajwa. Hata hivyo, yeye maskini alihangaika mpaka nyumba ya kuwatunza wazee ikafunguliwa mwaka 1908 huko Auburn, New York, naye mwenyewe akafia humo Machi 10, 1913. Alizikwa kwa heshima za kijeshi. Cheo kilimfikia Novemba 2024, pale jimbo la Maryland lilipomtunuku ubrigedia jenerali.