KNUTE ROCKNE: NYOTA ALIYEKUBALI KUWA MSAIDIZI

Wengi wenu mwanijua. Ni mwaka jana tu nilipovua sare ya shule hii, na wale wa kidato cha nne bila shaka wanalikumbuka lile bao la dakika ya mwisho. Sitalisimulia tena. Limesimuliwa mno hapa shuleni na kule kwetu Kawangware hadi likanivimbisha kichwa, na kichwa hicho ndicho kilichoniponza.

Januari, nikiwa nyumbani nangojea nafasi ya chuo, mwalimu wa michezo aliniita nije kuwa kocha msaidizi. Nilifurahi si haba. Jioni ile nilipanda kutoka Kawangware hadi hapa Muthangari kwa miguu nikiwa nimevaa ile jezi yangu namba tisa, na vijana wakanipigia makofi langoni. Nilidhani ukocha ni kuendelea kucheza, ila tu umesimama nje ya mstari.

Kumbe wapi! Wiki ya pili, beki wetu wa kushoto, kijana wa kidato cha pili, aliniuliza swali dogo. Atajuaje kwamba mshambuliaji anataka kukata kuingia ndani na wala si kukimbilia kwenye kibendera cha kona? Nikamwambia amwangalie. Akaniuliza aangalie nini. Nikanyamaza. Nilikuwa nimewachenga mabeki miaka minne na sikujua ni kitu gani walichopaswa kukiangalia! Basi nikachukua mpira, nikamchenga yeye mara tatu mfululizo, wenzake wakacheka, naye akarudi kwenye nafasi yake bila jibu. Mechi mbili za kwanza tulifungwa zote mbili, na mabao karibu yote yalipitia upande wake. Mimi nikaanza kutafuta udhuru wa kuacha kazi.

Mlezi wa Chama cha Kiswahili alipopata habari hizo hakunipa nasaha. Alinipa kazi: niandike kwa ajili ya jarida maisha ya mtu maarufu, aliyekwisha kufariki zamani, aliyekuwa mchezaji nyota kisha akawa kocha. Kwanza nilimwazia Joe Kadenge. Lakini Kadenge alituacha mwaka 2019, ni kama juzi tu, na kila mzee mtaani ana Kadenge wake wa kusimulia. Nikaingia maktaba, na baada ya kufungua vitabu vingi nikakutana na Knute Rockne.

Rockne hakucheza mpira tunaoucheza sisi. Mchezo wake ulikuwa kandanda ya Kimarekani. Ukitaka kuuelewa, fikiria raga, ile inayochezwa pale kwenye uwanja wa RFUEA barabara ya Ngong. Mpira ni wa mviringo mrefu kama yai, unashikwa kwa mikono, na watu wanaangushana si mchezo. Tofauti kubwa ni kwamba tangu mwaka 1906 sheria za Marekani zinaruhusu mpira utupwe mbele kwa mkono, jambo ambalo katika raga ni kosa. Na huko mchezo huu ulikomaa katika vyuo vikuu. Hadi leo makumi ya maelfu ya watu hujaa viwanjani kutazama wanafunzi wakicheza, na kocha wa chuo huwa mtu mkubwa kweli kweli.

Alizaliwa tarehe 4 Machi 1888 katika mji wa Voss, nchini Norway. Baba yake, Lars, alikuwa fundi wa magari ya kukokotwa na farasi. Mwaka 1893 kulikuwa na maonyesho makubwa ya dunia mjini Chicago, na Lars alivuka bahari kwenda huko. Mkewe na watoto wakamfuata, Knute akiwa na miaka mitano. Alikulia humo Chicago, akajifunza mchezo mitaani, akaacha shule ya sekondari bila kuimaliza, akafanya kazi ya posta miaka kadhaa huku akiweka akiba. Alipofika Chuo Kikuu cha Notre Dame, katika jimbo la Indiana, mwaka 1910, alikuwa na umri wa miaka 22. Wengine kwa umri huo wanamaliza, yeye ndiyo kwanza anaanza.

Chuo hicho ni cha mapadri wa Shirika la Msalaba Mtakatifu. Majirani zetu wa Uganda wanalijua shirika hilo, kwani lilifika Fort Portal mwaka 1958, na mmoja wa watu wake, Vincent McCauley, akawa askofu wa kwanza wa jimbo hilo mwaka 1961. Rockne mwenyewe alikuwa Mprotestanti wakati huo. Alijiunga na Kanisa Katoliki mwaka 1925.

Sasa sikilizeni jambo lililonishtua. Huyu jamaa hakuzaliwa nyota! Kimo chake kilikuwa kama futi 5 na inchi 8, uzito wake mdogo, na katika mwaka wake wa kwanza uwanjani hakufua dafu. Alirudi baadaye akiwa mchezaji wa pembeni, na kila alichokijua alikipata kwa kujifunza hatua baada ya hatua. Kiangazi cha mwaka 1913 yeye na rafiki yake Gus Dorais, aliyekuwa mtupaji wa mpira, walipata vibarua Cedar Point, sehemu ya mapumziko kando ya Ziwa Erie. Baada ya kazi waliteremka ufuoni. Dorais anatupa, Rockne anakimbia mchangani na kudaka kwa viganja huku akikimbia, wala si kusimama na kuukumbatia mpira tumboni kama wengi walivyozoea. Walirudia na kurudia kiangazi kizima.

Mwaka huo Rockne alikuwa nahodha. Tarehe 1 Novemba 1913 Notre Dame, chuo ambacho watu wa mashariki ya Marekani hawakukijali, kilisafiri hadi West Point kucheza na timu ya chuo cha kijeshi. Waandishi wa magazeti walitegemea wageni wachinjwe. Katika mechi hiyo Rockne alijifanya amechechemea, beki aliyemlinda akalegea, na ghafla jamaa akachomoka na kudaka mpira akiwa peke yake. Matokeo: Notre Dame 35, wanajeshi 13. Wako wanaodai kwamba siku ile ndipo pasi ya mbele ilipobuniwa. Si kweli, kwani vyuo vingine vilikuwa vimekwisha kuitumia tangu 1906. Siku ile watu wengi walionyeshwa tu kwamba mtu mdogo anaweza kumshinda mkubwa.

Hapa ndipo ninapotaka tukae kidogo, maana vitabu vingi vinapita hapa mbio mbio kwenda kwenye vikombe.

Mwaka 1914 Rockne alihitimu masomo ya famasia kwa alama za juu sana. Alikuwa nyota, jina lake limo magazetini. Dorais alikwenda kuwa kocha mkuu katika chuo kimoja cha Dubuque, jimbo la Iowa, na husimuliwa kwamba wawili hao walirusha sarafu kuamua nani aichukue nafasi hiyo. Rockne akabaki Notre Dame kwa kazi mbili: msaidizi katika maabara ya kemia, na kocha msaidizi chini ya Jesse Harper, yule yule aliyekuwa kocha wake mwaka uliotangulia. Pia alifundisha wanariadha. Mwaka huo huo alimwoa Bonnie Skiles.

Katika maabara mkubwa wake alikuwa Padri Julius Nieuwland, mtaalamu ambaye utafiti wake baadaye ulisaidia kupatikana kwa mpira unaotengenezwa kiwandani (si mpira wa kupiga teke, ni ule wa kutengenezea mabomba na mikanda ya mashine). Kwa hiyo asubuhi Rockne aliwaeleza wanafunzi kwa nini dawa hii ikichanganywa na ile inabadilika rangi, na jioni anawaeleza wengine kwa nini mguu huu utangulie na ule ufuate. Maoni yangu ni kwamba kemia ndiyo iliyomfanya kocha. Darasani huwezi kumchenga mwanafunzi mara tatu ukadhani umemfundisha.

Msaidizi huyo alikaa chini ya Harper miaka minne, kuanzia 1914 hadi 1917. Miaka minne, jamani! Mimi nilikuwa nimechoka baada ya mechi mbili. Harper hakuwa nyota wa magazetini, lakini alikuwa amejifunza mchezo kwa kocha Amos Alonzo Stagg kule Chicago, na alikuwa na mbinu ya kuwahamisha wachezaji wa nyuma kwa pamoja kabla mpira haujaanza. Mbinu hiyo Rockne aliirithi, akainoa, ikaja kujulikana kama yake. Mwaka 1918 Harper aliamua kwenda Kansas kusimamia ranchi, na akapendekeza msaidizi wake apewe nafasi.

Yaliyofuata nitayasema kwa ufupi. Misimu 13, ushindi mara 105, kushindwa mara 12, sare 5. Misimu mitano hakushindwa hata mara moja: 1919, 1920, 1924, 1929 na 1930. Mchezaji wake hodari kuliko wote, George Gipp, alifariki Desemba 1920 kwa ugonjwa ulioanzia kooni, akiwa na miaka 25 tu. Miaka minane baadaye Rockne alilitumia jina la marehemu huyo kuwatia vijana moyo dhidi ya wale wanajeshi, wakashinda 12 kwa 6. Tarehe 1 Januari 1925 timu yake iliifunga Stanford 27 kwa 10 kule California.

Lakini mimi lililonivutia zaidi ni watu aliowaweka kando yake. Yeye naye aliwachukua waliokuwa wachezaji wake akawafanya wasaidizi. Mwaka 1929 aliugua mishipa ya mguu, damu ikaganda, madaktari wakamwonya kwamba anaweza kufa. Mara nyingine alifundisha akiwa kwenye kiti cha magurudumu, na baadhi ya mechi hakwenda kabisa. Aliyeiongoza timu uwanjani ni msaidizi wake Tom Lieb, mchezaji wake wa zamani, ambaye pia alikuwa amepata nishani ya shaba ya kurusha kisahani katika Olimpiki ya Paris mwaka 1924. Timu ilishinda mechi zote tisa.

Vyuo vingine vikaona kumbe dawa ni hiyo, vikaanza kuwagombania wachezaji wa Rockne. Jim Crowley alikwenda hadi akawa kocha wa chuo cha Fordham, New York, na Frank Leahy akawa msaidizi wake huko. Mmoja wa vijana waliopita mikononi mwao hapo ni Vince Lombardi, ambaye leo kombe kubwa la kandanda ya kulipwa ya Marekani lina jina lake.

Hata hivyo dawa hiyo haikumponya kila mgonjwa. Tarehe 31 Machi 1931 Rockne alipanda ndege kwenda Los Angeles kwa shughuli za filamu. Ndege hiyo, yenye bawa la mbao, ilivunjika hewani na kuanguka karibu na kijiji cha Bazaar, Kansas. Watu wote wanane walifariki. Rockne alikuwa na miaka 43. Aliyekwenda kuutambua mwili wake ni Jesse Harper, kwa kuwa ranchi yake ilikuwa katika jimbo hilo hilo. Niliposoma hapo nilifunga kitabu, nikatoka nje kidogo.

Nafasi ya Rockne ilichukuliwa na msaidizi wake Hunk Anderson, mchezaji shupavu wa enzi za Gipp. Nyota naye, na mwanafunzi wa mwalimu yule yule. Katika miaka mitatu alishinda 16, akashindwa 9, sare 2, na mwaka 1933 timu ilishindwa mechi nyingi kuliko ilizoshinda. Akaondoka. Akaja Elmer Layden, mwanafunzi mwingine wa Rockne, na mambo yakanyooka tena. Sasa nani angejua mapema ni yupi atafaa? Sifa zao za uchezaji zilikuwa kubwa wote wawili.

Nilipomaliza kusoma nilimwomba mwalimu wa michezo ruhusa ya ajabu: nisiguse mpira kwa wiki mbili. Nilikaa nyuma ya goli na daftari. Nilitazama washambuliaji wa shule jirani waliokuja kwa mechi za kirafiki, nikawatazama na wetu. Siku ya nne nikaona. Kabla ya kukata ndani, mtu hufupisha hatua, halafu kiuno kinageuka kabla ya mpira kuondoka. Macho yanadanganya, mabega yanadanganya, lakini kiuno hakiwezi. Miaka minne nimekuwa nikifanya hivyo mwenyewe, sijui!

Nilimwita yule beki wa kushoto, nikamweleza nikiwa nimesimama wima, mikono nyuma. Akajaribu. Akashindwa mara mbili, mara ya tatu akaupata mpira, akaniangalia kana kwamba nilimficha siri tangu Januari.

Chuo nimepata, kiko mjini. Mwalimu wa michezo ameniuliza kama nitarudi mwakani, bado nikiwa msaidizi tu. Nimemwambia anitegemee kila Jumanne na Alhamisi, saa kumi na nusu.